Jumatatu za Mzee Fundo

Ukumbi wa kufumia una kelele kiasi kwamba watu huongea kwa mikono. Uzi ukikatika, mashine husimama yenyewe, na mfumaji ana muda mfupi tu wa kuutafuta, kuuvuta na kuufunga kabla msimamizi hajageuza shingo. Kulikuwa na mzee mmoja aliyeifanya kazi hiyo bila hata kutazama, kama mtu anayejikuna. Vidole viwili na gumba, tayari, mashine inanguruma tena. Wakamwita Mzee Fundo, na lile jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwa karani wa mishahara.

Alikuwa mrefu, mabega yameanguka mbele, na sauti yake ilikuwa ya wote waliozeekea kwenye mashine: akiomba chumvi mezani, nyumba ya tatu wanajua kuna chakula. Mkewe alikuwa amefariki. Aliishi kwa binti yake wa pekee, katika chumba cha uani, na kwa miaka sita aliyokaa pale hakuwa ameonja pombe hata ya kusukutulia.

Hili la pombe afadhali lisemwe mapema. Kabla ya miaka hiyo sita, Mzee Fundo alikunywa kana kwamba ameajiriwa kunywa. Binti yake, akiwa bado anavaa sare ya shule ya msingi, alijua kumvua viatu mtu mzima aliyelala kifudifudi bila kumwamsha. Alijua pia visingizio vyote. Baba ana malaria. Baba amepigwa na jua. Baba amekula kitu kibaya kantini. Mama yake alivitoa mlangoni kwa majirani, na mama alipozikwa, binti akavirithi pamoja na masufuria. Kwa hiyo alipoolewa, akapata nyumba yake, na baba akaja siku moja amenyoa, amefua shati, anasema ameacha, hakumrukia shingoni. Alimpa kiti na maji ya kunywa, akamwambia:

"Utakaa hapa, baba. Lakini nikiona umerudia, sitapiga kelele wala sitalia. Nitakufungia begi uende kwa baba mdogo."

"Nimekubali, mama," akasema. Alimwita hivyo tangu akiwa mchanga.

Baba mdogo aliishi mbali, safari ya siku nzima, na alikuwa mtu mwema asiye na la kusema. Kwenda kwake kungekuwa kuacha kiwanda na kuacha nyumba. Hayo yangevumilika. Lisilovumilika ni kwamba angekuwa amehukumiwa na mtu pekee aliyebaki duniani ambaye alitaka amwone kuwa mtu.

Kisukari kilimjia akiwa ameshaacha pombe, jambo alilokuwa akilitania mwenyewe. "Nilipokuwa mbaya mwili ulininyamazia," alisema, "nilipotulia ukaleta madai." Alimeza vidonge miaka kadhaa. Kisha vidonge vikazidiwa, na daktari akamwandikia insulini ya muda mrefu, sindano moja kwa siku. Sista wa kliniki alimwonyesha pa kuchoma, tumboni au pajani, akamwambia, "Kila siku ukiamka, kabla hujanywa chai. Usiruke hata siku moja."

Hakuruka. Yeye aliyekuwa amevunja kila ahadi aliyowahi kuitoa, alilishika agizo hili kama mtu anayeshika ukuta gizani. Akishafungua macho, kabla ya kupiga mswaki, kabla ya kumsalimia yeyote, alikwenda jikoni, akafungua friji, akatoa kichupa kilichokaa nyuma ya maziwa, akavuta kipimo chake na kuchoma. Ndipo siku ikaanza.

Na siku yake ilianza kufuatana na kiwanda. Wiki moja aliingia zamu ya mchana, akaamka alfajiri wakati taa za barabarani bado zinawaka. Wiki iliyofuata aliingia usiku, akarudi kulipokucha, akalala na pamba masikioni, akaamka saa kumi jioni wakati wengine wanatoka kazini. Jumapili ilikuwa ya kugeuza usingizi. Wafumaji wote walijua namna yake: ukienda usiku, unakesha kwa makusudi ili Jumatatu ulale mchana kutwa, ukirudi mchana, unajilazimisha kitandani mapema huku macho makavu, ili alfajiri ya Jumatatu mwili ukubali kusimama. Kila mmoja alikuwa na ujanja wake. Mzee Fundo hakuwa na ujanja ila mazoea. Akiamka, anachoma.

Miezi mitatu ikapita hivyo.

Mtu wa kwanza kuona jambo alikuwa jirani yake wa mashine, mfumaji mfupi mwenye maneno mengi waliyemwita Redio kwa sababu hazimiki. Jumatatu moja ya zamu ya mchana, baada ya saa sita, Redio alimwona Mzee Fundo amesimama mbele ya uzi uliokatika, anautazama. Anautazama tu. Vidole vilikuwa vinatetemeka, na shati lilikuwa limelowa mgongoni kama aliyenyeshewa. Redio akaufunga uzi yeye mwenyewe, akamvuta hadi nje penye bomba la maji.

"Mzee, vipi?"

"Nani amezima mashine?" Mzee Fundo akauliza, ulimi mzito.

"Hakuna aliyezima. Kaa chini. Kula hiki." Akampa kipande cha mkate kilichobaki katika mfuko wake, na baada ya muda mzee akawa mzee tena, anauliza mbona wako nje.

Wiki iliyofuata, Jumatatu ya kuingia usiku, ikawa kinyume. Mzee Fundo alikuja mkavu midomo, macho mekundu, anakwenda bombani na kurudi, bombani na kurudi, na katikati anakimbilia chooni. Jumanne akawa afadhali, Jumatano akawa mzima.

"Mimi nimekuchunguza," Redio akamwambia wakati wa mapumziko, mbele za watu. "Wewe ni mlevi wa kalenda. Hulewi Jumanne, hulewi Ijumaa. Jumatatu moja unayumba, Jumatatu inayofuata unakunywa maji ya aliyeamka na kichwa kizito. Hata pombe umeipangia zamu!"

Watu wakacheka. Mzee Fundo naye akacheka, lakini kicheko hakikushuka kifuani. Alirudi kwenye mashine na maneno yale yakabaki naye. Mtu ambaye hajawahi kulewa angekasirika. Yeye alijiuliza kama ni kweli.

Maana alijua kitu ambacho Redio hakukijua. Alijua jinsi mtu anavyoweza kunywa na asikumbuke. Enzi zile aliwahi kuamka na jeraha asilojua lilikotoka, aliwahi kuambiwa alimsukuma mkewe na akakana kwa machozi ya kweli, kwa sababu kweli hakukumbuka. Kichwa chake kilikuwa kimeshamdanganya mara nyingi mno. Sasa kila Jumatatu ya kurudi mchana kulikuwa na kipande cha siku kilichokatwa, hakipo, na mahali pake kuna jasho na ulimi mzito na watu wanaomtazama kwa namna aliyoifahamu vizuri. Alianza kunusa mashati yake mwenyewe. Alianza kupekua chini ya godoro lake mwenyewe, akitafuta chupa ambayo huenda aliificha.

Hakuipata. Hilo halikumtuliza, kwani zamani pia alikuwa fundi wa kuficha.

Kisha ikaja Jumatatu ya saluni.

Binti yake alikuwa msusi. Sebule ya mbele ya nyumba alikuwa ameigeuza saluni: viti vitatu, kioo kirefu, ndoo ya maji ya moto, na benchi la wanaosubiri, ambao wengi hawakusubiri kusukwa, walisubiri habari. Anayetaka kufika chumba cha uani lazima apite hapo. Kawaida Mzee Fundo alipita kwa heshima, anainamisha kichwa, "Shikamooni wake zangu," nao wanamjibu kwa vigelegele vya utani.

Siku hiyo alitoka kazini jioni, tumbo tupu kwa sababu msimamizi aliwaharakisha wakati wa chakula. Aliingia akishika ukuta. Kitini alikuwepo mwalimu wa chekechea, nusu ya kichwa imesukwa, nusu nywele zimesimama.

"Karibu, mume wetu," mmoja wa wanawake akasema. "Leo hata salamu hamna?"

Mzee Fundo alimtazama mwalimu. Akazitazama zile nywele ndefu za bandia zilizoning'inia begani. Uso wake ukakunjamana.

"Uzi umekatika," akasema kwa sauti ya kiwandani. "Zima! Zima mashine, mnaharibu jora zima!"

Na kabla binti hajafika, mzee alikuwa ameshika misuko miwili ya mwalimu na anaifunga pamoja, fundo la mfumaji, haraka na imara, akavuta mingine miwili, akafunga. Mwalimu akapiga yowe. Wanawake wakaanza kucheka kisha wakaacha, kwa sababu uso wa mzee haukuwa wa mzaha.

"Baba! Baba, achia!"

"Ondoka hapa," akamwambia binti yake, na akaongeza neno moja, neno chafu, ambalo hakuwa amelitamka katika nyumba ile kwa miaka sita.

Msusi alimshika mkono, akampeleka uani, akamkalisha juu ya kitanda. Mumewe, fundi umeme, mtu mpole aliyependa kutengeneza mambo kabla hayajazungumzwa, alikuwa anatengeneza pasi kibarazani. Alikuja na chupa ya soda. "Mpe hii," akasema. "Sukari hukata pombe." Hakuwa na elimu ya jambo hilo, alilisikia tu mahali. Akamnywesha baba mkwe wake soda yote kidogo kidogo, kama anayenywesha mtoto dawa.

Haikupita robo saa. Mzee Fundo akawatazama wote wawili, akajifuta uso, akauliza taratibu, "Nimefanya nini?"

"Umelewa, baba," msusi akasema.

Hakuwa amelia. Alikuwa amemsogelea baba yake mdomoni, akanusa, na hakukuta kitu, na bado alisema vile, kwa sababu katika utoto wake ulikuwepo ulevi wa kila namna, hata ule usionuka.

"Sijui," Mzee Fundo akasema.

"Hujui?"

"Mama, sijui. Labda."

Jibu hilo ndilo lililommaliza binti. Angekana, wangegombana, na ugomvi una mahali pa kushika. Akasimama, akainyoosha sketi yake. "Nitampigia baba mdogo. Mwisho wa mwezi utakwenda." Kisha akarudi mbele kumfungua mwalimu mafundo. Ilibidi matatu yakatwe kwa mkasi.

Alhamisi ilikuwa siku yake ya kliniki. Mzee Fundo alikwenda kwa sababu ni Alhamisi. Alikaa kwenye benchi la mbao pamoja na wagonjwa wenzake, kila mmoja na kadi yake, na ilipofika zamu yake sista alimtoboa kidole, akasoma kipimo, akatabasamu.

"Sukari yako nzuri, baba. Kama kawaida. Laiti wote wangekuwa kama wewe."

Alikuwa mwanamke wa rika la binti yake, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Pengine ni huo uzi, au pengine ni kwamba alikuwa mtu wa kwanza wiki hiyo kumtazama bila kumshuku. Mzee Fundo alijitahidi kushusha sauti, ikashuka kidogo tu.

"Sista, nina la kusema. Nadhani ninakunywa."

"Unadhani?"

"Niliacha miaka sita. Sasa sikumbuki nikinywa, sikumbuki nikinunua. Lakini ninalewa. Watu wananiona. Nimemtukana mwanangu." Akaitazama mikono yake. "Kama kuna dawa ya mtu anayekunywa bila kujijua, nipe. Kama hakuna, niambie hivyo."

Sista aliweka kalamu chini. Wengine wote kwenye benchi walikuwa wamesikia, akainuka kufunga mlango.

"Unalewaje? Nielezee kama mtu ambaye hajawahi kuona mlevi."

Akaeleza. Jasho, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, kisha maneno kupotea, kisha hajui. Akaeleza mkate wa Redio. Akaeleza soda.

"Ulizinduka baada ya muda gani, ulipokunywa soda?"

"Mara moja. Robo saa haikufika."

"Hujawahi kuona mlevi akizinduliwa na soda, baba. Wewe unawajua walevi kuliko mimi." Akavuta kiti karibu. "Inatokea siku gani?"

"Jumatatu. Zile za kurudi zamu ya mchana."

"Na sindano unachoma saa ngapi?"

"Nikiamka. Ulivyoniambia."

"Unaamka saa ngapi?"

Hapo Mzee Fundo akaanza kueleza, na alivyokuwa akieleza sista alikuwa anaandika saa kwenye kipande cha karatasi, anazipanga, na uso wake unabadilika. Alipofika Jumapili ya kugeuza usingizi, sista alivua miwani.

"Baba, wewe hulewi. Sukari yako inashuka. Ubongo ukikosa sukari mtu anayumba, anatukana, anasahau. Aliyesimama pembeni anaona pombe tupu." Akamgeuzia karatasi. "Sikiliza. Ziko insulini za chakula, zinaingia haraka na kutoka haraka. Yako si hiyo. Yako inaanza polepole, inajitandaza, inakaa mwilini karibu siku nzima, mchana na usiku wake. Ziko nyingine huisha mapema zaidi, ziko na zinazopitiliza, lakini yako ni hiyo. Sasa Jumapili umechoma jioni. Jumatatu alfajiri ile ya jana imefika katikati tu ya kazi yake, nawe unaipandishia nyingine juu. Kutwa nzima una mbili ndani."

Mzee Fundo alitazama ile karatasi muda mrefu.

"Zamu ya usiku haijatoka," akasema, "na ya mchana imeshaingia."

"Ndiyo."

"Na hizi Jumatatu nyingine? Zile za kiu?"

"Hizo umekesha Jumapili, umelala Jumatatu mchana, umechoma jioni. Ile ya mwisho ulichoma Jumapili alfajiri. Siku imepita, usiku umepita, na mchana mwingine. Ilikwisha zamani."

"Ukumbi hauna mtu."

"Hauna mtu, sukari inapanda, unakunywa maji na kukojoa." Akaivaa miwani tena. "Na sisi hapa tunakupima Alhamisi, siku ambayo mambo yameshakaa sawa. Nilikuambia uchome ukiamka, sikukuuliza unaamka saa ngapi. Nilidhani watu wote huamka kama mimi."

Alikwenda kwa daktari na ile karatasi, akarudi na mpango. Sindano ingehamia saa kumi na moja jioni, saa ambayo wiki ya mchana mzee ameshafika nyumbani, na wiki ya usiku ameshaamka. Daktari aliandika namna ya kuihamisha siku kwa siku, na sista akamkanya asije akaihamisha kwa kichwa chake mwenyewe. Tangu hapo saa ibaki hiyohiyo, alale asilale. Na mfukoni asikose pipi. Na akihisi jasho lile, ale kwanza, aulize baadaye.

Mzee Fundo alitoka nje akakaa kwenye ngazi. Ungetarajia afurahi. Kwa majuma alikuwa amejishtaki, akajitafutia ushahidi, akajitia hatiani, na sasa kaambiwa kosa hilo hakulifanya, na hakujua pa kuiweka ile hatia aliyokwisha kuizoea. Tena aliona kwamba ilikuwa tayari kabisa kumpokea. Ilimtosha kama shati lake.

Jioni alimkuta msusi peke yake anaosha vitana. Akamweleza yote, zamu ndani ya zamu, karatasi, soda. Alieleza vibaya, akarudia, akapandisha sauti bila kutaka.

Msusi hakugeuka. "Malaria," akasema. "Jua. Chakula cha kantini." Akakung'uta kitana. "Sasa sukari."

"Muulize sista."

"Sista anajua ulichomwambia wewe."

"Lakini mke wangu, ile soda," mumewe akasema kutoka mlangoni, "hata mimi nilishangaa ile soda..."

"Wewe rudi kwenye pasi yako."

Zamani Mzee Fundo angeapa. Angeapa kwa kaburi la mkewe, kwa macho yake, kwa mkate ulio mezani. Alikuwa ameapa mara nyingi mno kwa mtoto huyu, na viapo vyote aliviona pale kati yao, kama jora lililoharibika ambalo haliwezi kufumuliwa.

"Sitaapa, mama," akasema. "Jumatatu ya kurudi mchana iko kabla ya mwisho wa mwezi. Unitazame."

Ile Jumatatu ya kiu ilikuja kwanza, ikapita bila kiu. Hakuna aliyelisema. Redio tu, kiwandani, alimfuata hadi bombani na kumkuta ananawa mikono. "Leo umekosa zamu, mlevi wa kalenda?" "Nimefukuzwa kazi hiyo," Mzee Fundo akajibu. Akaenda zake.

Kisha ikaja ya pili. Jumapili saa kumi na moja jioni alichoma, akalala mapema macho makavu. Alfajiri akaamka, na miguu ikampeleka jikoni kabla akili haijafika. Alikuwa ameshafungua friji, mkono uko nyuma ya maziwa, alipohisi kuna mtu. Msusi alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na jiko, kitambaa kichwani, kikombe mkononi. Hakuja kumzuia, alikuja kutazama.

Mkono ukakaa pale. Ni vigumu kueleza uzito wa jambo dogo kama hilo. Mwili wake wote ulimwambia kwamba kutochoma sasa ni kuvunja agizo, na maagizo yote aliyowahi kuyavunja yalikuja kusimama nyuma yake. Akautoa mkono. Akafunga friji. Akajimiminia chai, akakata mkate mnene, akala wote amesimama.

"Pipi ziko mfukoni," akasema.

"Sijauliza," msusi akajibu.

Mchana alifunga nyuzi. Saa sita ikapita, saa nane ikapita, na yeye anautazama kila mkono wake kama mtu anayelinda wezi. Jasho lilitoka, lakini lilikuwa la joto tu. Jioni alipofika nyumbani saluni ilikuwa imejaa, na aliposukuma mlango mazungumzo yalikatika. Mwalimu wa chekechea alikuwa kwenye benchi. Akazishika nywele zake kwa mikono miwili.

"Mzee, leo hunifungi?"

"Leo mafundo ni ya kulipia, mwalimu," akasema. "Yale ya kwanza yalikuwa ofa."

Wakacheka, wakaanza kupiga makofi, mmoja akataka kujua bei ya jumla. Msusi aliendelea kusuka. Mzee Fundo aliona tu kwamba vidole vya binti yake vimepoteza mstari, na kwamba anafumua alichokwisha kusuka na kuanza upya.

Saa kumi na moja alikuwa ameketi kitandani, shati limekunjwa tumboni, sindano mkononi, mlango ulipofunguliwa. Msusi akaingia, akakaa kwenye kiti cha plastiki. Katika miezi yote hii hakuwahi kumwona akijichoma. Alitazama hadi mwisho.

"Inauma?"

"Kidogo. Unazoea."

Kutoka saluni zilisikika sauti za wanawake wakibishana juu ya rangi.

"Nilipokuwa mdogo," akasema, "nilikuwa naomba uwe mgonjwa. Jirani yetu baba yake alikuwa mgonjwa, na watu walimletea uji, walimpa pole. Nikawa naomba, Mungu, baba asiwe mlevi, awe mgonjwa tu." Akapangusa pua kwa mgongo wa mkono. "Sasa umekuwa mgonjwa kweli. Nami nikakuita mlevi."

Mzee Fundo alitamani kumwambia kwamba hana kosa, lakini aliona kwamba maneno hayo yangekuwa rahisi mno, na kwamba aliyemfundisha kutoamini alikuwa yeye mwenyewe, siku kwa siku, kwa bidii. Alifunika sindano.

"Nilikuwa nimekubali kwenda," akasema hatimaye. "Mimi mwenyewe niliamini."

"Najua. Hicho ndicho kilichonitisha." Akavuta kiti mbele. "Nimemwambia baba mdogo huendi tena. Sasa nifundishe. Ikikurudia nifanye nini?"

Akamfundisha kama alivyofundishwa. Nikitoka jasho, nikitetemeka, nikisema upuuzi, nipe kitu cha sukari, soda, juisi, sukari yenyewe kwenye maji. Subiri robo saa. Sijarudi, nipe tena. Nikirudi, nipe chakula. Nikiwa nimezimia usinitie kitu mdomoni, nitapaliwa. Nilaze ubavu, nikimbizeni hospitali. Msusi alirudia kila jambo kwa sauti, akihesabu kwa vidole, mara moja akakosea, akarudia tangu mwanzo.

Kisha akamtazama machoni, kwa muda, kama anavyotazama kichwa kabla ya kuamua aanzie wapi.

"Na siku nikinusa pombe kweli?"

"Siku hiyo unifungie begi."

"Sukari kwanza," msusi akasema, akisimama, kwa sababu walikuwa wanamwita huko mbele. "Begi baadaye."